Wizi wa sarafu za kidijiti: hesabu zenu haziko sawa

Mhariri,

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo nikisoma habari za wizi wa sarafu za kidijiti jicho langu hukimbilia tarakimu. Hapo ndipo magazeti yanaponiudhi. Bitcoin ikiyumba kidogo tunapewa ukurasa mzima. Mradi usio na jina ukifilisiwa, tunaambulia aya mbili zenye "wadukuzi" na kiasi cha kutisha.

Chukua Beanstalk, mradi wa sarafu ya kidijiti unaoamuliwa kwa kura za wenye sarafu walizoweka humo, Aprili 2022. Vichwa vya habari vilipiga kelele kuwa dola milioni 182 zimeibwa. Hiyo ni hasara ya mradi. Mwizi mwenyewe aliondoka na chini ya nusu yake. Mhasibu anayeanza kazi leo hawezi kuchanganya mambo hayo mawili.

Tena hakuiba nywila ya mtu. Aliweka pendekezo hadharani siku moja kabla, akakopa takriban dola bilioni moja kwa mkopo wa papo hapo (usio na dhamana, ila lazima ulipwe ndani ya muamala uleule), akaziweka kwenye mradi, zikampa wingi wa kura, akalipitisha pendekezo lake mwenyewe, akakomba hazina na kulipa deni. Kukopa, kupiga kura na kulipa vyote vilifanyika ndani ya muamala mmoja! Kanuni za mradi ziliruhusu. Hapo ndipo penye habari, na ndipo mwandishi alipoishia.

Mwaka 2023 ikaja zamu ya Euler, mradi wa kukopeshana sarafu za kidijiti: zilichukuliwa takriban dola milioni 197, kisha wiki chache baadaye karibu zote zikarudishwa. Wizi mliuandika. Marejesho je?

Msomaji wenu