Fundi wa neti asitoke kwa nyumba kabla hajapima waya na waifai zote mbili

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi niongee juu ya intaneti ya nyumbani, kwa sababu naona watu wengi hapa Kisumu tunaumia na hii kitu kimyakimya na kulipa pesa bure. Mimi mwenyewe nimelipa mara tatu kwa shida moja tu, na mwishowe ikatatuliwa na kijana wa jirani kwa jioni moja na vichwa viwili vya kebo ambavyo bei yake haikufika hata mia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, tunakaa Mamboleo. Nyumba yetu tuliijenga pole pole, na wakati wa kupiga plasta mzee wangu akasema tupitishe kabisa nyaya za kompyuta ndani ya ukuta kabla hatujafunga, kila chumba shimo lake, zote zinakutana stoo kwa swichi ndogo ya mashimo manane, si ya taa, ni kile kisanduku cha kuunganisha nyaya za neti. Intaneti yenyewe haiji na waya, inakuja na hewa, kuna antena juu ya mabati inaangalia mnara, inateremsha kebo hadi rauta ya kampuni, kile kifaa cha kugawia nyumba intaneti, rauta inatoa waifai na pia inapeleka kwa ile swichi. Kwa hivyo tuna vitu viwili kwa nyumba moja, waya na waifai. Hapo ndipo kila fundi alipotuacha njiani, kwa sababu kila mmoja aliangalia upande wake tu.

Shida ilianza mwaka jana wakati wa mvua kubwa. Asubuhi simu yangu iko sawa, jioni inaandika imeunganishwa lakini hakuna intaneti, na alama ya mshangao hapo juu. Binti yangu yuko chumbani na laptopu imechomekwa kwa waya, yeye anaendelea poa tu. Kesho yake mambo yamegeuka, yangu inafanya, yake imekufa. Printa iko mezani mita moja kutoka kwa laptopu na laptopu inasema haioni printa. Na stima ikipotea ikirudi, ndiyo kabisa, kila kitu kinabadilika upya, aliyekuwa na intaneti anakosa na aliyekosa anapata. Huyu binti anafanya kazi ya kuandika sauti za watu wa ng'ambo kuwa maandishi, analipwa kwa dakika za sauti alizomaliza na kila kazi ina saa yake ya kurudisha. Kazi mbili zikachelewa na ya tatu hawakumpa. Nilimkuta ameketi sakafuni stoo akishika ile kebo kwa mkono ndio taa isizime, saa tano usiku, na hiyo picha ndiyo imenifanya niandike barua hii.

Nikapigia kampuni, kastoma kea akasema zima hesabu dakika moja washa. Nikafanya hivyo siku nne. Wakatuma kijana, akapanda juu, akapima antena, akaniambia mama huku kwetu iko sawa kabisa, shida ni nyaya zako za ndani, akaenda. Nikaita fundi wa kwanza kutoka Kondele, akaangalia taa za swichi zinawaka akasema nyaya ziko sawa, shida ni laini ya kampuni. Fundi wa pili akaniuzia ripita ya kuchomeka ukutani ati waifai haifiki, na hiyo ripita inashika hewa na kuirudisha kwa hewa ile ile kwa hivyo spidi inagawanyika, tena kwa nyumba ambayo tayari ina waya kila chumba. Wa tatu alitaka tununue rauta mpya. Huyo nilimlipa ya kuja tu nikamwambia arudi mwisho wa mwezi.

Sasa huyu kijana wa jirani anasomea ufundi, hajamaliza hata. Alikuja akauliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameuliza: mwalimu, kwa hii nyumba kuna rauta ngapi? Nikamwambia moja. Halafu nikakumbuka ile ya kampuni ya zamani tuliyoihama, mzee aliiweka sebuleni ichomekwe kwa shimo la ukutani iongeze waifai upande ule. Kijana akasema hebu kwanza tuchomoe kila kitu.

Akachukua kebo fupi mpya, akatoa laptopu chumbani akaileta stoo, akaichomeka moja kwa moja kwa rauta ya kampuni, swichi pembeni, waifai ya laptopu amezima. Intaneti ikaja, akakaa nayo dakika kumi, haikukatika. Akaniambia basi antena na kampuni hatuwalaumu tena, tumewatoa. Halafu akarudisha swichi peke yake, ikafanya. Akarudisha waya za vyumba moja moja, akingoja kidogo kila mara, na aliporudisha ule wa sebuleni akafungua ule ukurasa mweusi wa kompyuta akaandika ipconfig, amri ya kuonyesha anwani, yaani ile namba kompyuta imepewa kwa netiweki. Mara ya kwanza laptopu ilikuwa na anwani 192.168.1.104. Akachomoa akachomeka tena, mara hii ikapata 192.168.0.14. Akanionyesha kwa kidole ile namba ya tatu, moja imekuwa sufuri. Mwalimu, akasema, hapa kuna watu wawili wanagawa namba.

Nitaeleza vile alinieleza mimi kwa sababu naamini kuna nyumba nyingi ziko hivi saa hii. Kila simu au kompyuta ikiingia kwa netiweki inaita kwa sauti, nani atanipa anwani? Rauta ndiyo hujibu, inakupa anwani yako na kukuambia mlango wa kutokea nje ni upi. Kazi hiyo inaitwa DHCP na kwa nyumba inafaa iwe na mmoja tu. Zikiwa rauta mbili kwa waya moja ni kama kushuka pale stendi na mizigo, makanga wawili wanakukimbilia, na wewe unaenda na yule aliyefika kwanza. Gari la mmoja lina dereva na linaondoka, la mwingine limeegeshwa tu halina hata injini. Rauta yetu ya zamani haikuwa na intaneti popote lakini ilikuwa bado inagawa anwani na kuambia kila mtu mlango wa nje ni mimi. Na kwa sababu yenyewe ilikuwa inaamka haraka kuliko ile ya kampuni, kila stima ikirudi ilikuwa inawashika wengi. Printa ilikuwa imeshikwa upande mmoja na laptopu upande mwingine, ndio maana hazionani na ziko meza moja.

Tiba yake ikawa ndogo. Ile rauta ya zamani akaichomeka kwa laptopu peke yake, akaingia kwa kuandika 192.168.0.1 pale juu, akazima DHCP, akaipa anwani mpya 192.168.1.2 ili isigongane na mtu kwa sababu ile ya kampuni inaanza kugawa namba ya mwisho kutoka 100, akaiwasha tena. Kebo ya ukutani akaichomeka kwa moja ya yale mashimo ya LAN, ya vifaa vya ndani ya nyumba, si lile la WAN la kuingizia intaneti kutoka nje. Sasa inatoa waifai sebuleni kama tulivyotaka tangu mwanzo, lakini kugawa anwani imeachia mwenzake. Ripita tukaitoa.

Mtu akitaka kujua kama kwake iko hivi hahitaji fundi. Shika simu inayofanya na ile isiyofanya, ingia kwa waifai, bonyeza jina la netiweki uone anwani ya IP, ndiyo hiyo namba, na geti, ndiyo ule mlango wa kutokea nje. Kama moja ina 192.168.1 na nyingine 192.168.0, na hukumbuki mtu kupanga hivyo makusudi, tafuta rauta ya pili, iko mahali. Ukikuta anwani inaanza na 169.254 hiyo ni tofauti, inamaanisha kifaa kiliita na hakuna aliyejibu kabisa kikajipa namba chenyewe, hapo sasa angalia waya au rauta imezima.

Lakini ile ya chumbani ilikuwa bado inakatika, maana zilikuwa shida mbili zimelaliana, na hii ndiyo inachanganya watu, ukitatua moja unaona kama hujafanya kitu. Kijana akatingisha kebo ukutani huku mimi nikiangalia swichi stoo, taa ya shimo la tatu ikazima, ikawaka, ikazima. Akafungua kile kichwa cha plastiki. Nyaya nane ndani, na ule wa machungwa ulikuwa umekatwa mfupi haufiki mwisho, unagusa kidogo tu ukibonyeza, na meno ya shaba yameshika kutu ya kijani kwa sababu shimo liko chini ya dirisha na mvua inaingia. Akakata, akapanga upya kwa rangi, nyeupe na machungwa, machungwa, nyeupe na kijani, bluu, nyeupe na bluu, kijani, nyeupe na kahawia, kahawia, akabana, upande wa pili vile vile. Taa ikatulia. Akakwangua kipande kilichobaki na wembe, ndani ikawa nyeupe. Hiyo kebo si shaba, ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, inauzwa rahisi na inavunjika ukiipinda mara kadhaa. Tuliinunua sisi wenyewe bila kujua, na sasa iko ndani ya plasta. Wewe unayejenga sasa, kwangua kabla hujalipa.

Jambo lingine alilonionyesha ni hii tabia ya kuacha laptopu kwa waya na kwa waifai pamoja ukidhani utapata spidi maradufu. Kompyuta kwa kawaida inapendelea waya, kwa hivyo waya ukiwa umeshika mlango usio na intaneti, laptopu inaweza kukaa hapo bila intaneti na waifai nzuri iko hewani. Ukitaka kupima, zima moja ndipo upime nyingine.

Na kwa sababu ni Kisumu, siwezi kumaliza bila kutaja radi. Sisi tunaokaa karibu na ziwa tunajua vile wingu linapanda mchana na jioni linapasuka. Watu wanachomoa TV wanasahau kebo ya antena, na hiyo inatoka juu ya mabati kwenye mlingoti wa chuma na kuingia ndani hadi kwa rauta, kisha kwa swichi na kutoka hapo kila chumba. Shimo moja la swichi yetu lilikufa Aprili kwa njia hiyo. Aliyefunga antena hakuweka waya wa kwenda ardhini na sikujua kwamba ninafaa kuuliza. Saa hii mawingu yakianza tunachomoa adapta ya antena, ile inayoipa umeme, ukutani na kebo zake zote mbili, na tukirudisha tunaangalia maandishi, shimo la POE ni la antena na la LAN ni la rauta, kwa sababu lile la POE linabeba umeme na si la kuchomeka kompyuta.

Ombi langu kwa makampuni na mafundi ni dogo. Ukija kufunga intaneti kwa nyumba ya mtu, uliza kama kuna rauta nyingine na kama kuna waya ukutani. Kabla hujatoka pima kwa waya, pima kwa waifai, chumba kwa chumba, mwenye nyumba akiangalia. Na uache karatasi imebandikwa karibu na rauta, anwani yake, paswadi ya kuingia ndani yake na si ile ya waifai tu, na shimo gani la swichi linaenda chumba gani. Kazi hiyo haimalizi nusu saa. Kampuni ikikuambia ni nyaya zako, ikuonyeshe kwa laptopu imechomekwa kwa rauta yake peke yake, na ikikataa kukusikiza na una hakika shida iko kwake, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano, wanapokea ukishalalamika kwanza kwa kampuni yenyewe.

Wewe pia mhariri, mnaandika vizuri juu ya bei ya bando na simu mpya, tafadhali mpeni mtu anayejua hizi kazi nafasi kila wiki, aandike kwa Kiswahili hiki tunachoongea. Kuna watoto wengi siku hizi wanakula kutokana na hiyo laptopu chumbani. Wangu amepata kazi tena, nusu ya ile ya kwanza kwa sasa, na ile karatasi tumeiandika sisi wenyewe kwa kalamu nyekundu, iko stoo mlangoni.

Mwalimu,
Mamboleo, Kisumu.