Barua kwa Mpwa Wangu Anayetafuta Mashine ya Kuchonga Chuma

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia umeshaweka akiba na sasa unatafuta mashine ya kuchonga chuma, ile ya milingi yenye kisu kinachozunguka juu ya meza inayosogea, uiweke kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Nimefurahi sana. Mafundi wa kuchomelea wamejaa sokoni Kibuye, Kisumu, lakini wa kuchonga kwa kipimo mfereji wa kii, yaani kile kipande cha chuma kinachofunga puli au gia isiteleze kwenye shafti, ni wa kutafutwa. Nakuandikia hadharani kwa kuwa najua vijana wengine wa Kisumu na Nakuru wana swali lako hilo hilo.

Anza na kazi, bei itafuata. Watakaobisha mlangoni kwako ni wenye poshomili waliokatikiwa na shafti, wenye pampu za maji mashambani, wenye mashine za kukamua miwa. Shafti ya milimita 20 huhitaji kii ya upana wa milimita 6, na mfereji wa kina cha milimita 3.5 tu. Kazi hiyo haidai mashine ya tani moja.

Nasema hivyo kwa sababu mama yako amenitajia ile Bridgeport ya mnadani. Naipenda mashine hiyo, wala sitaitukana. Ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1938 na mafundi wa dunia nzima wameiga umbo lake. Lakini ina uzito wa karibu tani moja, na nyingi kati yake zina mota ya fezi tatu, ilhali umeme wa nyumbani kwako ni fezi moja ya volti 240. Inveta ya kuendeshea mota inaweza kukutolea fezi tatu, ila soma kwanza kibati cha mota, kile kibandiko cha chuma chenye maelezo yake. Kikiandikwa volti 220/380, nyaya za mota hiyo zitaungwa kwa mtindo wa delta, ule wa volti 220, na itazunguka vizuri. Kikiandikwa 415 peke yake, inveta ya kawaida haitafikisha volti hizo. Ongeza lori, winchi na sakafu ya zege, katika nyumba ya kupanga! Hapana, mwanangu.

Vile vidogo vya kuweka mezani, vya kilo sitini hivi, ni vya kujifunzia. Vingi vina gia za plastiki ndani, na siku kisu kitakapong'ata chuma ghafla, meno yatapukutika. Ukikipata kwa bei nzuri kitakufaa kwa alumini na shaba.

Jambo ambalo ningependa ulielewe vizuri ni nguzo, ile inayobeba kichwa cha mashine chenye mota na kisu. Utaziona mashine za nguzo ya mviringo, imara na za bei ya kuvutia. Sasa fikiria umepata katikati ya shafti, umetoboa mwanzo wa mfereji kwa keekee ndefu, na unataka kufunga kisu kifupi. Itabidi ushushe kichwa cha mashine, na ukikilegeza tu, kinageuka kidogo kwenye ile nguzo. Kipimo kimepotea, unaanza upya. Kuna mafundi waliozoea kuishi na hilo, nao wanafanya kazi safi, lakini mtu anayeanza humchosha na kumkatisha tamaa. Tafuta ya nguzo ya mraba, ambayo kichwa hupanda na kushuka kwenye reli bila kugeuka, yenye mota ya fezi moja. Ikiwa ya kilo mia mbili au tatu, utakuwa umepata mashine ya kukulisha miaka mingi.

Usimalize pesa zote kwenye mashine. Tenga karibu nusu. Bila vaisi nzito, seti ya koleti za kushikia kisu, visu vya saizi kadhaa, vishikizo vya kufungia kazi mezani na geji ya saa, kile kipimo cha sindano cha kunyooshea kichwa, mashine hiyo itakaa tu. Visu vya haisipidi, chuma kigumu cha kukatia, vinatosha kwa kuanzia: kwa chuma laini, kisu cha milimita 10 kizungushe kama mara 800 kwa dakika, na ukiona kinabadilika rangi kwa joto, punguza kasi.

Na yeyote akikushauri ufunge kisu cha milingi kwenye drili ya kusimama, mkatalie. Chaki ya drili, ile inayoshika keekee, imeshikiliwa na mgandamizo wa koni tu. Kisu kikisukumwa ubavuni, chaki inaweza kuchomoka ikiwa inazunguka. Macho na vidole havinunuliwi.

Ukienda kuangalia mashine iliyotumika, zungusha mkono wa meza kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ikiwa nyepesi katikati na nzito pembeni, reli zimelika katikati. Weka geji chini ya spindo, ule mhimili unaozungusha kisu, kisha usukume spindo juu kwa kipande cha mbao: sindano ikiruka sana, beringi zimechoka. Muombe muuzaji aiwashe na uisikilize ikizunguka kwa kasi. Rangi iliyobambuka isikutishe. Kilichopakwa rangi mpya jana ndicho cha kukagua mara mbili.

Usitoe arubuni kabla hujanitumia video ya meza ikizungushwa mwanzo hadi mwisho, pamoja na picha ya kibati cha mota. Nitumie hata usiku.

Mjomba wako