Uliza tangi liko wapi kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wanaotuuzia mashine za jikoni zilizotumika, na mafundi wanaoitwa zikigoma.

Nina nyumba ya wageni ya vyumba vitano hapa Mkomani, Lamu. Miezi minane iliyopita nilinunua mashine ya kuoshea vyombo Mombasa. Najua wapo watakaocheka. Shemeji yangu aliniuliza kama mikono imekatika. Lakini wageni kumi wakila samaki wa kupaka mchana na biriani usiku, sahani zinapandana hadi dirishani, na msichana aliyekuwa akinisaidia ameolewa Faza.

Dukani waliiwasha mbele yangu. Nikasikia maji yakiingia kwa kishindo, nikalipa. Ikapanda basi mpaka Mokowe, ikavuka kwa boti, na mahamali wanne wakaipitisha vichochoroni, wakaipandisha ngazi hadi jikoni. Nyumba yangu ni ya mawe, ya kizamani, na jiko liko juu kabisa kama ilivyo kwenye nyumba nyingi za hapa kwetu, ili moshi na joto viishie huko huko. Tukaifunga kwenye mfereji wa kando ya sinki, tukaiwasha. Ikavuma kama nyuki ndani ya kopo. Baada ya dakika chache ikatema kimaji kilichokuwa ndani, taa yenye alama ya mfereji ikaanza kupepesa, ikanyamaza.

Nikamwita fundi. Akafungua ubao wa chini, akatazama kwa tochi, akasema, "Bi mkubwa, vali imekufa." Vali ni kile kidude kinachofungua na kufunga maji yanapoingia mashineni. Nikaagiza nyingine Mombasa, shilingi 4,800, na ufundi 2,500. Ikafungwa. Ikavuma vile vile, ikanyamaza vile vile. Safari ya pili akasema sasa ni ubao wa umeme, yaani ubongo wa mashine, na bei yake 14,000. Hapo nikamwambia asubiri.

Maji kwenye sinki yalikuwa yakitoka vizuri tu, na hilo ndilo lililotudanganya sote.

Nina jirani, mzee aliyefanya kazi kwenye injini za meli miaka mingi, sasa anashinda barazani na kahawa yake. Nilimweleza kwa kupita tu, sikumwita. Hakuuliza aina ya mashine wala umri wake. Aliuliza, "Tangi lako liko wapi, na jiko lako liko wapi?" Nikamwambia tangi liko juu ya paa na jiko liko chini yake hapo hapo. Akaweka kikombe chini, akapanda.

Alifunga koki, akafungua paipu upande wa mashine, akaiingiza kwenye ndoo ya lita 10, akafungua koki na kutazama saa. Ndoo ilijaa kwa dakika mbili. "Maji unayo," akasema. Kisha akaziba mdomo wa paipu kwa kidole gumba. Maji yakatulia, wala hayakuhangaika kutafuta njia. "Nguvu huna."

Mjukuu wangu akatafuta kwenye kitabu cha mashine, ambacho kimeandikwa Kijerumani chote, lakini tarakimu hazina lugha. Mashine inataka presha ya maji isiyopungua baa 0.3. (Baa hii ni kipimo, wasomaji wasinielewe vibaya.) Mzee akanieleza kwamba maji yanayoshuka yenyewe kutoka tangini hupata karibu baa moja kwa kila mita 10 za kimo. Tukapima kwa utepe wangu wa kushonea kutoka usawa wa maji tangini hadi kwenye vali: mita 1 na sentimita 70. Yaani baa 0.17. Na hapo tangi lilikuwa limejaa.

Nikamuuliza mbona basi sinki inapata. Akaiomba vali ya zamani, ile iliyokufa, akaifungua kwa bisibisi pale mezani, juu ya gazeti. Ndani mna kiwambo cha mpira, chembamba kama ngozi ya dufu, na katikati yake kitundu kidogo sana. Umeme ukifika kwenye koili, yaani ule waya uliozungushwa, unainua kijiti cha chuma na kukizibua kitundu hicho, basi. Kazi yake imeishia hapo. Kinachokiinua kiwambo kizima ili maji yapite ni msukumo wa maji yenyewe. Maji yakiwa mnyonge, koili inavuma, kiwambo kimekaa palepale, na mashine ikichoka kungoja inakata tamaa. Mfereji wa sinki unafunguliwa kwa mkono wa mtu, hauna haja hiyo. Dukani Mombasa walikuwa wameifunga moja kwa moja kwenye bomba lenye presha kali.

Sasa tufanyeje? Fundi, aliposikia, alitaka kulipandisha tangi kwa mnara wa vyuma. Tangi langu ni la lita 1,000, maana yake tani nzima ya maji, na paa lenyewe limekaa juu ya boriti za mikoko zilizowekwa kabla bibi yangu hajazaliwa. Nikakataa. Akasema basi tuweke pampu, na bomba lipite ukutani, atoboe kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Nikakataa mara mbili. Mji huu umo kwenye urithi wa dunia tangu 2001, lakini hata usingekuwamo, zidaka za mama yangu hazitobolewi kwa ajili ya sahani.

Tukaishusha mashine chini, kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, karibu na birika la kuhifadhia maji, ambako tayari kulikuwa na bomba linaloteremka kutoka tangi lile lile. Kimo kutoka tangini: mita 8 na kitu. Mzee akaziba paipu tena kwa kidole gumba, maji yakamrukia kikoini hadi kifuani, akacheka mpaka akakohoa.

Siku ya kwanza bado ilijaza polepole. Bomba hilo lilikuwa halijatumika muda mrefu, likatema uchafu wake wote. Kwenye mdomo wa vali, paipu inapofungwa, kuna chujio dogo kama kastabini. Ukifunga koki na kulegeza nati, utalivuta kwa koleo taratibu. Langu lilikuwa na mchanga mweupe, magamba ya chokaa na kitu cha kijani nisichotaka kukijua. Nikalilaza kwenye siki usiku kucha, asubuhi nikalisugua kwa mswaki mkuukuu. Maji yetu yanatoka kwenye visima vya machuguu ya mchanga ya Shela na yana chokaa, kwa hiyo kazi hii naifanya kila miezi miwili, na huo mswaki una msumari wake ukutani.

Imegoma mara moja tu tangu hapo, na kwa namna nyingine: haikuvuma, ilikuwa ikitema maji bila kikomo wala haitaki kuingiza mapya. Nati ya paipu ilikuwa inadondosha, maji yakakusanyika kwenye sinia chini ya mashine, na mle mna kiboya. Kikielea, mashine inadhani nyumba inafurika, inafunga mlango wa maji. Nilichomoa umeme, nikakausha kwa sponji, nikakaza nati. Nusu saa.

Ninachowaomba wauzaji ni karatasi moja ya Kiswahili yenye presha ambayo mashine inataka, na swali moja kabla ya kupokea pesa: maji yako yanatoka kwenye tangi, na tangi liko mita ngapi juu? Pwani hii nyumba ngapi zinakunywa bomba moja kwa moja? Nilipompigia aliyeniuzia alisema, "Maji yenu ya Lamu ndiyo mabovu." Kumbe alikuwa na kitabu mkononi siku ile ile.

Na mafundi, beba ndoo kabla ya kubeba bisibisi. Ndoo na kidole gumba vingeniokolea shilingi 7,300.

Nilisahau kusema. Mashine ilipofika chini, mzee aliirudisha vali ya zamani kwa majaribio tu, baada ya kukipangusa kile kiwambo. Ikafunguka mara ya kwanza, na ndiyo inayofanya kazi hadi leo. Ile mpya iko kidakani ndani ya mfuko wake. Fundi akiisoma barua hii, aje aichukue na anirudishie changu. Simu yangu hapokei.

Mama mwenye wageni,
Mkomani, Lamu