Gesi ya zenoni huonyesha pafu lisilopitisha hewa

Ndugu Mhariri,

Mama yangu hupumzika mara mbili kabla ya kufika ghorofa ya pili, ilhali kila akipigwa picha ya kifua huambiwa kwamba mapafu yake ni mazima. Ndiyo maana nimefuatilia kwa hamu kipimo cha gesi ya zenoni, kinachopiga picha za mapafu kwa MRI, yaani mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili. MRI ya kawaida hutegemea zaidi maji yaliyomo mwilini, na pafu limejaa hewa; spirometa nayo, kifaa cha kupulizia kinachopima pumzi, hutoa tarakimu za mapafu yote kwa pamoja, hata sehemu iliyoziba ikafichwa na zilizo nzima. Katika kipimo hiki mgonjwa huvuta kutoka kwenye mfuko maalumu gesi iliyoandaliwa kwa mwanga wa leza, akabana pumzi kwa sekunde chache tu, na pale gesi isipofika panabaki peusi pichani, bila mionzi yoyote ya eksirei. Watafiti wa Sheffield na Oxford, Uingereza, walikitumia kwa watu walioendelea kukosa pumzi baada ya Uviko-19, wakaona kasoro ambazo vipimo vya kawaida havikuzionyesha, na Marekani iliidhinisha gesi hiyo Desemba 2022. Nawaomba madaktari wetu, hata kabla mashine hizo hazijatufikia, wasimwambie mgonjwa anayehema kwamba haumwi.

Msomaji wako,
Dodoma