Nafasi tupu kwenye daftari la kuzikana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mimi ni mchuuzi wa dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, na tangu mwaka 2013 ni katibu wa chama chetu cha kufa na kuzikana hapa Mabatini, Mwanza. Mtu akifariki napewa taarifa hata turubai halijafungwa. Nachukua daftari la kaunta, naandika jina, tarehe na sababu ya kifo, halafu chini yake kaya zote na mchango wa kila kaya: shilingi elfu mbili, au kilo ya maharage kwa ambaye hana. Safu ya sababu ya kifo aliiweka katibu aliyenitangulia, mzee aliyewahi kuwa karani wa ushirika wa pamba. Alisema iko siku mtoto wa marehemu atakuja kuuliza, na ni aibu mtaa mzima kukosa jibu.

Humo nimeandika malaria, kisukari, uzazi, bodaboda, kuzama ziwani. Lakini ukifungua kurasa za mwanzoni mwa mwaka 2021 utakuta maneno ambayo mimi mwenyewe nikiyasoma leo sioni yana maana gani. "Kifua." "Kubanwa pumzi." "Changamoto ya upumuaji." Pengine nimeweka kistari tu.

Nikumbushe kidogo tulikotoka. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, abiria aliyetua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Kesho yake shule zikafungwa. Pale Mwaloni kila lango liliwekwa ndoo yenye koki na sabuni ya maji, na mgambo alikuwa harusu mtu kupita bila kunawa. Limau na tangawizi zikapanda bei. Nyumbani tulijifukiza kwa majani ya mkaratusi na mchaichai, blanketi kichwani, watoto wakilia kwa joto. Jioni tulikaa kwenye redio kusikiliza idadi. Tarehe 29 Aprili tukatajiwa wagonjwa 480 na vifo 16. Baada ya hapo Bara haikutoa tena idadi, mwezi baada ya mwezi.

Siku chache baadaye, akiwa Chato, Hayati Rais Magufuli alieleza kuwa sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa siri zikatoka na majibu ya korona. Nataka niseme haki hapa. Huku Kanda ya Ziwa tulimpenda, na mimi nilimpenda. Alikataa kutufungia ndani, na mtu anayekula kwa alichouza asubuhi anajua maana yake. Angetufungia, mama wa Mwaloni angekula nini? Tayari ndege za kupeleka minofu ya sangara Ulaya zilikuwa zimepungua, na wanunuzi wa dagaa kutoka Kongo na Kenya walikuwa hawaonekani kama zamani. Kwa kutotufungia namshukuru mpaka leo.

Ila sokoni kwetu mzani ukiwa mbovu hatuuzi samaki kwa macho. Anaitwa mtu wa vipimo, mzani unatengenezwa, tunaendelea kupima. Kama vipimo vya maabara vilikuwa na kasoro, vingerekebishwa na hesabu iendelee. Badala yake tuliachwa tukadirie wenyewe kwa kuhesabu vilio vya usiku.

Februari 2021 ndiyo iliyotufika hapa mtaani. Chama chetu kina turubai moja na viti vya plastiki vya kutosha msiba mmoja. Siku moja tulikuwa na misiba miwili, mmoja juu mlimani kwenye mawe, mwingine huku chini kwenye lami. Nikamtuma kijana akaazime turubai la wenzetu wa Igogo. Akarudi mikono mitupu, nalo liko msibani. Akina mama wa kupika walikuwa wakitoka kwenye sufuria hili wanaingia kwenye lile. Mfuko wa chama uliisha, nikaanza kuandika "deni" mbele ya majina ya watu ambao hawajawahi kudaiwa hata mara moja. Mwezi huohuo, tarehe 17, wakafariki siku moja Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimesema wazi kwamba ameambukizwa, na Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Tukasikia redioni kama nchi nzima ilivyosikia, tukarudi kuosha sufuria.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa dereva wa fuso ya dagaa. Alirudi safari na kikohozi kikavu, siku ya nne hakuweza kupanda ngazi za nyumbani kwake. Tulimpeleka hospitali, nisingependa kuitaja. Mtungi wa oksijeni tulioelekezwa kuusubiri ulikuwa kwa mgonjwa mwingine. Nilimuuliza nesi kwa sauti ya chini, mwanangu, hii ni korona? Akaangalia mlangoni kwanza, ndipo akanijibu, "Mama, sisi tunaandika nimonia." Simlaumu. Alikuwa binti mdogo, macho mekundu, barakoa yake imelowa jasho, na alikuwa amesimama tangu alfajiri. Shemeji alikata roho kabla ya adhana ya magharibi. Kwenye daftari nikaandika "kifua", mkono wangu mwenyewe.

Mwaka huu kijana wake yuko kidato cha tatu. Anasoma katika mojawapo ya madarasa yaliyojengwa kwa ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, madarasa 15,000 nchi nzima, ambayo kila mtu anayaita madarasa ya UVIKO, yaani korona. Jumapili moja alikuja kunisaidia kuanika dagaa, akaniuliza, "Mama mkubwa, baba alikufa na nini?" Nikabaki na ungo mkononi. Mtoto anakaa kutwa ndani ya darasa lenye jina la ugonjwa, na jina hilo halimo kwenye cheti cha kifo cha baba yake, halimo kwenye daftari langu.

Mheshimiwa Rais Samia alibadili mwelekeo, na hili ni lazima lisemwe. Aliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 alichanjwa hadharani, taifa zima likimwona. Mimi nilipanga foleni nikachanjwa ile ya sindano moja, ingawa majirani walininong'ona kwamba sitamaliza mwaka. Na Januari 2025, ugonjwa wa Marburg ulipoingia Biharamulo, Wizara kwanza ilisema sampuli hazikuonyesha kitu. Siku chache baadaye Rais mwenyewe akasimama Dodoma, mkuu wa Shirika la Afya Duniani akiwa pembeni yake, akautaja ugonjwa kwa jina. Mabasi ya Biharamulo yaliendelea kutoka Nyegezi, na sisi tulijua cha kujihadhari nacho. Machi mlipuko ukatangazwa kuisha.

Kwa hiyo kuhesabu tunaweza. Mwanza hatufundishwi kuhesabu wafu. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 tulipoteza mamia ya ndugu zetu, na makaburi yao yako Igoma, kila mwaka watu wanakwenda. MV Nyerere ilipopinduka Ukara Septemba 2018, miili zaidi ya 220 iliopolewa, na kila siku tuliambiwa imefika mingapi. Hakuna aliyesema tukitaja idadi tutatisha watu wasipande vivuko. Waliofariki kwa kukosa pumzi vitandani nao ni watu wa ziwa hilihili.

Ninachoomba ni kidogo. Wizara ya Afya, au RITA wanaosajili vizazi na vifo, au chuo chochote chenye wataalamu, wapite kwenye vyama vya kuzikana. Mitaa mingi ya mji huu ina vyama, na katibu mwenye daftari. Misikiti na parokia nazo zina vitabu vyao. Waulize familia dalili zilikuwaje, mgonjwa aliugua siku ngapi, nani mwingine nyumbani aliugua. Najua vipimo vya maabara havirudi nyuma. Lakini wake na waume wa marehemu bado wako hai na wanakumbuka kila saa ya siku zile. Baadhi ni wazee. Mwaka jana tumemzika mmoja ambaye angeweza kueleza juu ya watu wawili wa nyumba yake.

Daftari langu lina jalada jekundu, kingo zimeliwa na panya lakini maandishi yanasomeka. Watu wa mwanzoni mwa 2021 wako ukurasa wa 41 hadi wa 43. Mbele ya kila jina nimeacha nafasi, na jina la shemeji nimelifutia lile neno "kifua" kwa penseli. Mimi natoka Mwaloni saa nane mchana, saa tisa niko nyumbani. Atakayetumwa aje na kalamu, nitamtandikia mkeka, na nitaita wenye misiba mmoja mmoja.

Katibu wa chama cha kufa na kuzikana,
Mabatini, Mwanza