Ukaazi wa kudumu kupitia masomo: hesabu ianzie mwishoni

Mhariri,

Kila msimu wa udahili yanarudi matangazo yale yale: soma, fanya kazi, baki. Maneno hayo matatu ni vibali vitatu: cha kusoma, cha kufanya kazi baada ya kuhitimu, na cha ukaazi wa kudumu. Kila kimoja kinaombwa upya, kwa ada yake na masharti yake, na aliyepewa cha kwanza hana haki yoyote juu ya cha tatu. Sisi tunaoandaa maombi ya aina hii tunaomba nafasi tueleze watu wanakokwama, kwa sababu wengi hukwama kwa jambo lililoamuliwa kabla hawajalipa hata senti ya ada.

Kwa kawaida mtu huchagua nchi, akatafuta kozi ya bei nafuu, akalipa, akasafiri, na swali la ukaazi akaliuliza akiwa muhula wa mwisho. Lilipaswa kuulizwa kwanza. Anza na kazi ambayo nchi hiyo inaihesabu kwenye ukaazi, kisha cheti kinachokuingiza kwenye kazi hiyo, kisha chuo ambacho mhitimu wake anapewa kibali cha kazi. Ada iwe ya mwisho.

Tuichukue Kanada, kwa kuwa masharti yake yamebadilika sana tangu 2024 na ushauri mwingi unaozunguka umepitwa na wakati. Kazi zote huko zimepangwa kwenye madaraja sita, kuanzia 0 hadi 5. Mhitimu anayeomba ukaazi kwa uzoefu wa kazi alioupata ndani ya Kanada, kupitia mfumo wa Express Entry unaowapanga waombaji kwa alama na kuwaalika wenye alama za juu, anahesabiwa madaraja 0, 1, 2 na 3 tu. Ndani ya duka moja, anayepokea malipo kaunta yuko daraja la 5, muuzaji yuko la 4, na msimamizi wa wauzaji yuko la 2. Anayepokea malipo anaweza kukaa kaunta hadi kibali kiishe, na saa zake zote zikahesabika sifuri. Kumbadilishia cheo kwenye karatasi hakumsaidii, maana ofisa anasoma majukumu: nani anapanga zamu, nani anaagiza bidhaa, nani anafundisha wapya. Barua inayosema "msimamizi" juu, halafu chini ikaorodhesha kupokea pesa na kupanga rafu, inajipinga yenyewe.

Barua hiyo ya mwajiri ndiyo karatasi inayoangusha wengi, kwa hiyo tuitazame kwa karibu. Iwe na nembo na anwani ya kampuni, sahihi na cheo cha aliyeiandika, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, cheo, majukumu, saa za kazi kwa wiki, mshahara wa mwaka na marupurupu. Saa za wiki ndizo husahaulika. Kinachotakiwa ni saa 1,560 za kazi ya malipo ndani ya miaka mitatu ya mwisho, yaani mwaka mmoja kwa saa 30 kwa wiki, na zinazozidi 30 katika wiki hazihesabiwi. Kwa hiyo kufanya saa 60 kwa wiki hakuupunguzi mwaka kuwa miezi sita. Kazi uliyoifanya ukiwa mwanafunzi wa kutwa haihesabiwi kwenye kundi hili, wala kazi ya kujiajiri. Omba barua siku unapoacha kazi, wakati bosi bado anakukumbuka kwa wema.

Sasa chuo. Kuruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni ni jambo moja, na mhitimu wake kupewa kibali cha kazi ni jambo jingine. Vyuo binafsi vinavyofundisha kwa leseni ya mtaala wa chuo cha umma vilifungiwa njia hiyo kwa wanaoanza masomo kuanzia 15 Mei 2024. Kwa walioomba kibali cha kusoma kuanzia 1 Novemba 2024, anayesomea stashahada au cheti lazima kozi yake iwe kwenye orodha ya fani zinazokubalika. Wenye shahada, uzamili na uzamivu hawabanwi na orodha hiyo. Kila kozi ina namba ya fani ya tarakimu sita. Andikia ofisi ya udahili, uliza namba hiyo, na jibu ulipate kwa maandishi kabla ya kutuma pesa. Jina la kozi peke yake halitoshi, kwani kozi mbili zenye majina yanayofanana zinaweza kuwa na namba tofauti.

Urefu wa kozi nao una hesabu yake. Chini ya miezi 8 hupati kitu. Kuanzia miezi 8 hadi chini ya miaka 2, kibali cha kazi kinalingana na urefu wa kozi. Miaka 2 au zaidi, unapewa miaka 3, na tangu Februari 2024 shahada ya uzamili inatoa miaka 3 hata ikiwa fupi, ilimradi haipungui miezi 8. Kibali hiki hutolewa mara moja tu maishani. Aliyekitumia kwa cheti cha miezi 8, akarudi darasani kuchukua uzamili, hapewi kingine. Pia hakivuki tarehe ya mwisho ya pasipoti, kwa hiyo yenye mwaka mmoja uliobaki ibadilishwe kwanza. Usipunguze masomo ukawa mwanafunzi wa nusu muda, isipokuwa muhula wa mwisho. Siku 180 za kuomba zinaanza chuo kinapothibitisha kwa maandishi kuwa umemaliza, wala hazisubiri mahafali. Anayengoja joho na picha anakula siku zake mwenyewe.

Kuhusu lugha, kosa moja linajirudia mno. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS una aina mbili. Chuo kinataka ile ya kitaaluma. Kibali cha kazi baada ya masomo na ukaazi wa Kanada vinataka ile ya jumla. Matokeo ya chuo hayatumiki huko hata yawe mazuri namna gani, na yote huisha nguvu baada ya miaka 2. Kwa kibali cha kazi, mwenye shahada anatakiwa kufikia ngazi ya 7 ya kipimo cha lugha cha Kanada, na mwenye stashahada ngazi ya 5.

Lakini faida kubwa ya lugha iko kwenye alama za ukaazi, na hapa ndipo tunapotofautiana na wanaoshauri stashahada ya pili na ya tatu. Tumchukue mwombaji asiye na mwenzi. Akiwa na miaka 29, umri unampa alama 110. Akisoma miaka miwili na kufanya kazi mwaka mmoja, anafika 32 na umri unampa 94. Amepoteza 16. Stashahada ya miaka miwili ya Kanada inamwongezea 15 za kusomea huko, na mwaka wa kazi 40. Sasa tazama Kiingereza: ngazi ya 7 katika stadi zote nne ni alama 68, ngazi ya 9 ni 124. Tofauti ni 56, na juu yake ngazi ya 9 inakuza alama za nyongeza zinazounganisha lugha na elimu. Ngazi ya 9 kwa IELTS ya jumla ni 8 kusikiliza na 7 kwa kila stadi iliyobaki. Kifaransa nacho, kikifika ngazi ya 7 kwa stadi zote, kinaongeza 50 kwa mwenye Kiingereza cha ngazi ya 5 au zaidi, na tangu 2023 kuna duru za mwaliko za wasemaji wa Kifaransa peke yao. Alama za barua ya ofa ya kazi zilifutwa 25 Machi 2025; anayekuuzia barua hiyo leo ili "upandishe alama" anakuuzia hewa. Uteuzi wa jimbo, yaani jimbo kukupendekeza upewe ukaazi, bado unaleta alama 600, ila kila jimbo lina vigezo vyake, na mengine huangalia ulisoma na kufanya kazi katika jimbo gani.

Mwaliko ukija, una siku 60 tu za kukamilisha maombi. Hati ya polisi inatakiwa kutoka kila nchi uliyoishi miezi 6 mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10. Nchi nyingine huchukua miezi kuitoa, kwa hiyo ianze kutafutwa mapema. Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kibali cha kazi kuisha kabla ya mwaliko. Kibali cha mpito, kile kinachokuruhusu kuendelea na kazi wakati ukaazi unashughulikiwa, hupewa aliyekwisha kuwasilisha maombi ya ukaazi. Aliye bado kwenye foleni ya alama hakimhusu.

Australia inapima kwa namna nyingine. Viza ya kazi ya wahitimu, namba 485, inataka masomo ya wiki 92 zilizosajiliwa, yaliyokamilika kwa muda usiopungua miezi 16 ya kalenda. Tangu Julai 2024 ukomo wa umri kwa walio wengi ni miaka 35, ingawa wa uzamivu na uzamili wa utafiti wamebaki 50. Hili liwafikie wanaopanga kwenda wakiwa na 34: kozi ya miaka miwili ikiisha, mlango umeshafungwa. Kwa ukaazi wa alama kiwango cha chini ni 65, umri chini ya 45, na taaluma yako lazima ipimwe na bodi ya fani husika. Bodi hiyo haiulizi chuo kimekupa shahada gani tu; inaangalia masomo uliyochukua na kazi uliyofanya yanaendana vipi. Kiwango hicho cha 65 pia kinakuingiza kwenye foleni tu, na wanaoitwa kwa fani nyingi wana alama zaidi.

Uingereza inawashangaza watu kwa sababu miaka ya viza ya mwanafunzi, pamoja na ya viza ya wahitimu, haihesabiwi kwenye miaka 5 ya ukaazi kwa njia ya kazi. Saa inaanza siku unapopata viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, yenye mwajiri mdhamini na kima cha mshahara. Viza ya wahitimu ni miaka 2, na maombi ya kuanzia 1 Januari 2027 yatapewa miezi 18. Uzamivu unabaki miaka 3. Mei 2025 serikali ilitangaza pia nia ya kuifanya miaka 10 kuwa muda wa kawaida wa kusubiri ukaazi. Tangu Januari 2024 wanaosoma uzamili wa darasani hawaruhusiwi kuja na mwenzi wala watoto.

Ujerumani, kwa maoni yetu, ndiyo yenye hesabu iliyo wazi zaidi. Mhitimu anapewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi, na akifanya kazi inayolingana na elimu yake kwa miaka 2, akachangia mfuko wa pensheni miezi 24 na akawa na Kijerumani cha B1, yaani ngazi ya kati, anaweza kuomba ukaazi. Bei yake ni lugha. Kozi za uzamili kwa Kiingereza zipo nyingi, lakini aliyemaliza bila Kijerumani anakuta waajiri wengi hawamwiti hata kwenye usaili, na miezi 18 inakwenda.

Marekani tusiidanganyie watu. Viza ya mwanafunzi inadai umridhishe ofisa kuwa utaondoka ukimaliza, na anayesema dirishani kuwa anataka kubaki ananyimwa hapo hapo. Baada ya masomo kuna miezi 12 ya kazi ya mafunzo, na 24 zaidi kwa fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Siku za kukaa bila kazi katika miezi 12 ya kwanza hazitakiwi kuzidi 90. Mbele yake kuna viza ya kazi ya H-1B, yenye nafasi mpya 85,000 kwa mwaka ambazo waombaji huzidi, hivyo huchujwa kwanza.

Fedha za kuonyesha nazo zinaangusha watu, hata wenye nazo. Kanada inataka dola zake 22,895 za kujikimu kwa mtu mmoja, nje ya Quebec, tangu Septemba 2025, mbali na ada na nauli. Australia inataka dola zake 29,710. Ujerumani yuro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa inayotoa 992 kwa mwezi. Kinachotiliwa shaka ni pesa zilizoingia zote wiki moja kabla ya maombi bila chanzo. Ukiuza kiwanja, ambatisha mkataba wa mauzo. Ukidhaminiwa, ambatisha kipato cha mdhamini.

Na ukiwa masomoni heshimu saa za kazi: 24 kwa wiki Kanada, 48 kwa wiki mbili Australia, 20 kwa wiki Uingereza kwa wanafunzi wa shahada wakati wa muhula. Kumbukumbu za mshahara na kodi hubaki, na ofisa wa ukaazi anaweza kuzifungua miaka mitano baadaye.

La mwisho linakuhusu wewe, Mhariri. Wakala wa vyuo mara nyingi hulipwa kamisheni na chuo, kwa hiyo kozi anayokusukumia ni ile inayomlipa. Hilo si kosa, lakini ushauri wa uhamiaji ni kazi nyingine yenye leseni. Kanada, anayeutoa kwa malipo sharti awe mwanasheria au mshauri aliyesajiliwa, na daftari la majina liko wazi mtandaoni. Australia, kila wakala wa uhamiaji ana namba ya usajili ya tarakimu saba. Tunapendekeza gazeti lidai namba hiyo kabla ya kupokea tangazo lolote lenye neno ukaazi, na liichape ndani ya tangazo, msomaji aikague mwenyewe.