Ghorofa zijengwe, lakini baraza zisifutwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka juzi, nalo ni kutoweka kwa baraza katika mitaa yetu ya Dar es Salaam. Sizungumzii baraza la madiwani wala la mawaziri, bali ile ya saruji iliyokuwa mbele ya kila nyumba ya Kiswahili, iwe Ilala, Kariakoo, Magomeni au Temeke, ambapo mwenye nyumba, mpangaji, mpita njia na mgeni asiyejulikana waliweza kukaa bila kuulizwa na mtu.

Nimezaliwa na kukulia Ilala, katika nyumba ambayo wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani kukiwa na jiko, bafu na choo, na paa la bati la migongo minne lililotokeza mbele kiasi cha kuikinga baraza na mvua. Baraza yetu ilifika magotini mwa mtu mzima, ilikuwa na upana wa kumtosha mtu kujilaza, na ukingo wake ulikuwa umelainika kwa kukaliwa miaka mingi hata ukang'aa kama sahani. Mama aliipiga deki kila asubuhi kabla hajagusa ukumbi. Wazee waliotoka msikitini alfajiri walikaa pale kusubiri jua. Saa nne muuza mboga alitua kapu lake akapumzisha shingo. Mchana mtoto aliyetoka shule akakuta mama yake hayupo aliketi pale, na aliyekuwa na chakula alimlisha. Baada ya alasiri alikuja muuza kahawa na dele lake juu ya mkaa, akigonganisha vikombe ili mtaa ujue amefika, na kashata zake za karanga ndani ya kopo. Saa mbili usiku, wasiokuwa na redio walikuja kusikiliza taarifa ya habari ya Redio Tanzania, na baada yake hawakuondoka.

Bao la baba lilikuwa la mninga, lenye mashimo 32 katika safu nne na kete 64 za komwe. Mchezaji huanza kwa kutia kete sita katika shimo liitwalo nyumba, mbili na mbili katika mashimo mawili ya jirani, akabaki na 22 mkononi za kunamua, yaani kuzitia ubaoni moja moja kila zamu yake. Kaka yangu alijifunza mchezo huo kwa kusimama nyuma ya baba karibu mwaka mzima bila ruhusa ya kufungua mdomo, kazi yake ikiwa kuleta maji ya kunywa na kuokota kete iliyodondoka, mpaka siku moja mzee aliyekuwa akicheza aliinuka kwenda kuswali na baba akamwambia, "Kaa hapo, namua." Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alifungwa haraka, na watu wazima waliokuwa pale walimweleza kosa lake moja baada ya jingine kwa utulivu ule ule ambao wangemweleza mtu wa makamo. Mimi nimefundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na nakiri kwamba ni mara chache nimeona mtoto akirekebishwa kwa heshima ya namna ile.

Sisemi kwamba baraza ilikuwa pepo. Mimi mtoto wa kike sikukaa pale, nilipita. Kutoka kwetu hadi dukani palikuwa na nyumba tisa, na katika kila moja ilinipasa kupunguza mwendo, kushusha macho, kusema "Shikamooni" na kusubiri "Marahaba mwanangu, mama hajambo?" kabla sijaruhusiwa kuendelea. Nikichelewa, habari zilimfikia baba kabla yangu. Umbea ulikuwepo, na wapo mabinti waliochafuliwa majina pale na watu ambao hawakuwa na kazi nyingine. Sisi wanawake mahali petu palikuwa uani, ambako wapangaji wa vyumba vyote sita walikutana kukuna nazi juu ya mbuzi, kuchambua mchele kwenye ungo na kusukana nywele, na huko ndiko nilikosikia mengi ambayo mama mwenyewe asingenitamkia. Kwa hiyo si kila kitu cha baraza ninachokililia. Lakini macho yale yale yaliyonichunga ndiyo yaliyomwona mdogo wangu siku alipopatwa na degedege akicheza mchangani, na wanaume wale wale waliokuwa kwenye bao ndio waliomfikisha hospitali kwa baiskeli kabla mama hajafahamu kilichotokea. Hakuna aliyewatuma. Walikuwa wamekaa pale tu.

Lugha yetu yenyewe inaonyesha uzito wa mahali hapo. Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi kule Zanzibar, Baraza la Idd, na hata Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, yote yanaitwa kwa jina la pale mbele ya nyumba, maana ndipo mwenye nyumba alipopokea watu na ndipo shauri lilipozungumzwa likaisha. Mwaka wangu wa mwisho kazini niliuliza darasa la tano maana ya baraza, na mwanafunzi mmoja mwerevu akajibu kwamba ni mkutano wa viongozi. Nilipomuuliza kama mtu anaweza kukaa juu ya baraza, darasa zima lilicheka. Sikuwalaumu, kwa kuwa wengi wao walikuwa wakiishi katika nyumba zenye uzio na geti, na kitu chenyewe hawajawahi kukiona karibu.

Kinachoiondoa baraza si chuki ya mtu. Mzee anafariki na kuacha nyumba ya vyumba sita kwa warithi wanane, nyumba haigawanyiki, basi inauzwa, au anatafutwa mbia mwenye mtaji na linapanda jengo la ghorofa sita au kumi. Ghorofa ya chini huwa fremu za maduka, kwa sababu fremu inaleta kodi na baraza haileti. Hata nyumba zilizosalia, nyingi zimevunja baraza zikajenga fremu mbili mbele, au zimeizungushia nondo hadi juu kama kizimba. Si lawama kwa wenye nyumba, ambao wana ada za watoto za kulipa. Wala sipingi ghorofa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja walioongezeka katika miaka kumi hawawezi wote kuenea katika nyumba za chini.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, na anayepita katika vichochoro vyake bado ataona wazee juu ya baraza za mawe, kahawa mkononi. Nyumba zetu za Ilala hazina milango ya nakshi, hakuna mtalii anayekuja kuzipiga picha, na sidai zihifadhiwe kama zile. Ninachodai ni kidogo zaidi, na kabla sijakitaja niruhusu nieleze yaliyonipata.

Mwaka juzi nilifiwa na mume wangu. Wakati huo tulikuwa tumeshahamia ghorofa ya nne ya jengo ambalo sitalitaja, jengo safi, lenye lifti na maji ya uhakika, na majirani ambao sina ubaya nao hata mmoja. Habari zilipoenea watu wakaanza kuja, na hapo ndipo tulipogundua kwamba jengo zima halikuwa na mahali pa kukalia msiba. Sebule yetu iliwatosha wanawake kwa kubanana. Wanaume walisimama kwenye ngazi, kisha wakashuka kwenye maegesho ya magari, na wanangu wakaenda kuiomba kamati ya jengo ruhusa ya kufunga turubai. Kamati ilikubali kwa upole, kwa masharti kwamba turubai lichukue nafasi ya magari manne, kusiwe na kuni wala mkaa kwa sababu ya moshi, na watu watawanyike ifikapo saa nne usiku. Pale getini mlinzi alimwandikisha kila mwombolezaji kwenye daftari: jina, namba ya simu, anakokwenda, na sababu ya kuja. Wazee waliokuwa wakicheza bao na marehemu, wengine wakishikwa mikono na wajukuu, walisimama juani wakisubiri zamu ya kuandika sababu ya kuja.

Wasomaji wanajua matanga yalivyokuwa. Wanaume walikesha mbele ya nyumba wakilala juu ya mikeka usiku wote hadi khitma, si kwa sababu palikuwa na kazi ya kufanya, bali ili mfiwa akiamka usiku wa manane asikie watu wakikohoa na kunong'ona nje. Usiku ule wa kwanza, saa nne ilipofika, niliwasikia wakikunja mikeka. Baada ya hapo nilisikia lifti tu. Chakula kilipikwa Ilala, uani kwa jirani yetu wa zamani, na sufuria za pilau zikaletwa kwa kirikuu zikiwa zimefunikwa kwa kanga. Nilipokaa eda, miezi minne na siku kumi, walionijia mara kwa mara walikuwa wale wa mtaa wa zamani, waliopanda daladala mbili kunifikia, ilhali wenzangu wa jengo moja walinitumia salamu za pole katika kundi letu la WhatsApp, kila mmoja kwa wema wake. Hawakuacha kuja kwa ukatili. Hawakuwahi kukaa nami hata siku moja kabla ya msiba, na mtu huona haya kuanza kukaa na mwenzake siku ya kifo.

Najua nitaambiwa kwamba watu wana njia nyingine za kukutana. Vijana wana vijiwe vya bodaboda, wenye nafasi wana mikahawa, na sote tuna simu. Hayo ni kweli, lakini kijiweni wanakaa wa rika moja na mara nyingi wa kazi moja, mkahawani haketi asiyenunua, na katika kundi la simu hatuzungumzi ila bili za maji na gari lililozuia jingine. Hata hodi imebadilika: mgeni sasa hupiga simu kusema "nipo getini", na asiyetoa taarifa mapema huonekana amekosa adabu, wakati zamani kumtaka ndugu aombe miadi ndiko kulikokuwa kukosa adabu. Baraza ilikuwa ya yeyote aliyechoka. Juu yake nilimwona msomi aliyetoka kazini akikaa kimo kimoja na mchukuzi wa mizigo wa sokoni, na mchukuzi akimfunga bao mbele ya watu wote.

Ombi langu ni kwa halmashauri zinazotoa vibali vya ujenzi, kwa wachoraji wa ramani na kwa wabia wanaojenga. Tunayo sheria ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu ya jengo, inayotambua kwamba katika jengo la wamiliki wengi yapo maeneo ambayo ni mali ya wote kwa pamoja. Kwa kawaida tunafikiria ngazi, korido na paa. Naomba mahali pa kukaa pahesabiwe humo, na kibali kisitolewe kwa jengo la makazi ambalo ghorofa yake ya chini imegeuzwa yote kuwa fremu na maegesho. Sisemi ukumbi wa kukodi, maana huo utatiwa kufuli na kupangiwa bei. Nasema baraza halisi, iliyoelekea njia, yenye kivuli, ambayo mkazi atashuka kuikalia bila kuomba ufunguo na mgeni wa msiba ataikuta kabla ya daftari la mlinzi. Anayejenga ghorofa kumi hashindwi kuacha nafasi ya fremu moja. Na kwa akina mama wenzangu nasema wazi kwamba safari hii itakuwa yetu pia, kwa sababu ghorofani hakuna uani, na hatuwezi kupoteza vyote viwili.

Mimi nimeanza na jengo letu. Nimeiandikia kamati barua nikiomba kibaraza cha urefu wa futi kumi na mbili kando ya geti, pale penye mwarobaini, ambapo hakuna gari linaloweza kuegeshwa kwa sababu ya mizizi. Nimeahidi kununua matofali na saruji kwa fedha zangu, na bao la mninga la baba, ambalo liko juu ya kabati na kete zake zote 64, nitalishusha siku saruji itakapokauka. Barua hiyo ina miezi miwili sasa, na bado nasubiri jibu.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Dar es Salaam